Laibrari za .so ukikompailia ARM: tuli, multiarch ama sysroot?

mpole_wa_umoja: Wasee, niokoeni. Nina Raspberry Pi 3 (kompyuta ndogo ya chipu ya ARM) yenye Debian 11 ya biti 32, inasoma mita ya maji hapa kwa ploti na kutuma hesabu kupitia libcurl, laibrari ya mtandao. Nakompaili kwa laptopu ya Ubuntu 22.04. Nilibadilisha `CC` (jina la kompaila) kwa Makefile iwe `arm-linux-gnueabihf-gcc`, nikadhani kazi imeisha. Sasa naona `skipping incompatible`, halafu `cannot find -lcurl`. Njia gani haina maumivu?

fundi_stima: Linki tuli, laibrari zote ziingie ndani ya programu. `-static`, faili moja, unabeba unaenda.

dada_wa_gcc: Fundi, hiyo inafaa programu isiyogusa mtandao. libcurl tuli inavuta OpenSSL, zlib na ukoo mzima, na wote uwaorodheshe mwenyewe. Tena `getaddrinfo` ya glibc (laibrari ya msingi ya C), hata ukiilinki tuli, bado inataka .so, yaani laibrari za nje ya programu, za glibc ya toleo lilelile programu ikianza. Umebeba mzigo na deni liko palepale.

Mpole, kwanza toa `-L/usr/lib/x86_64-linux-gnu`, nina hakika imo kwa Makefile yako. Hiyo inampeleka linka, anayeunganisha programu na laibrari, kwa laibrari za laptopu. Anaona si za ARM, anaziruka. Na `-lcurl` ikae kwa `LDLIBS`, baada ya faili za .o.

Mimi napenda multiarch, apt inaweka laibrari za ARM (armhf) kando ya za kawaida: `dpkg --add-architecture armhf`, `apt update`, kisha `apt install libcurl4-openssl-dev:armhf`. Lakini si kwa Ubuntu yako. 22.04 ina glibc 2.35, Pi yako ina 2.31. Italinki bila neno, ufike kwa Pi uambiwe `GLIBC_2.34 not found`. Fungua kontena (mfumo uliotengwa ndani ya laptopu) ya Debian 11, weka kompaila humo, fanya yote humo.

babu_terminali: Mimi ni sysroot, nakala ya mafaili ya Pi kwa laptopu. Laibrari zangu nyingi nilizijenga kwa mkono, ziko `/usr/local/lib`, apt haizijui. Navuta `/lib`, `/usr` yote kwa rsync, halafu `--sysroot`. Chunga viungo (symlink) ambavyo lengo lake linaanza na `/`, kwa laptopu vitaelekea laptopu yenyewe. Na .so ikitegemea .so nyingine, `-Wl,-rpath-link` inamwonyesha linka iko wapi.

dada_wa_gcc: Babu, kompaila ya Ubuntu ina glibc yake kwa `/usr/arm-linux-gnueabihf/lib`. Inaweza kupenya hata ukiweka `--sysroot`. Pima kwa `readelf -V`, inaonyesha matoleo ya glibc yanayotakiwa.

babu_terminali: Ilinipata hiyo. Nikabadilisha kompaila.

mpole_wa_umoja: Kontena imekubali, bando imeisha. libcurl iko sawa. Ila `libmita.so`, niliyoandika mwenyewe, Pi inasema haioni, na `-Llib` nimeweka!

dada_wa_gcc: `-L` ni ya wakati wa kulinki tu, programu ikianza hakuna anayeikumbuka. Weka `libmita.so` ndani ya `lib/` kando ya programu, na kwa `LDFLAGS` uongeze `-Wl,-rpath,'$$ORIGIN/lib'`; `$ORIGIN` ni folda ya programu yenyewe. Dola mbili, kaka. Moja inamezwa na make.