Tupeane uzoefu: kadi ya waifai iliwahi kukutoa jasho?

Kijana wa Section 58, Nakuru

Wadau, habari za jioni. Jana jirani alinijia na laptopu, mfukoni tayari amehesabu pesa za kununua kadi nyingine ya waifai (kile kipande cha ndani kinachoshika mtandao), nikakumbuka masaibu yangu ya mwaka juzi. Nianze mimi, kisha nanyi mmwage yenu.

Laptopu yangu ni ya mtumba. Ilianza kujikokota nikaipeleka kwa fundi iongezwe RAM. Ikarudi inakimbia, ila waifai ikawa ya kichawi. Nikikaa kwenye meza kando ya ruta inashika; nikihamia kitandani, hatua saba tu, inapotea. Simu yangu hapo hapo kitandani ina vijiti vyote. Nikalaumu ruta, nikaizima na kuiwasha mpaka kitufe kikalegea. Nikalaumu mabati ya jirani, na kweli mabati huzuia mawimbi vibaya sana, lakini basi na simu ingezuiwa. Nikaweka draiva mpya, yaani programu inayoiendesha kadi, wapi.

Jumapili moja nikatoa betri, nikafungua skrubu za chini mwenyewe. Kadi yenyewe ni kitu kidogo, upana wake ni kama wa vidole viwili, na juu yake kuna viduara viwili vya rangi ya dhahabu, kila kimoja kama punje ya mtama. Pembeni nikaona nyaya mbili, mmoja mweusi na mmoja mweupe, zimejilalia kama kumbikumbi waliokatika mbawa. Hizo ndizo antena. Hupanda kupitia bawaba hadi kwenye fremu ya kioo. Fundi alizichomoa ili apate nafasi, akasahau kuzirudisha.

Kuzirudisha hakutaki nguvu. Unakilaza kichwa cha waya sawasawa juu ya kiduara, unabonyeza kwa ukucha mpaka usikie "tk". Ukilazimisha kikiwa kimekaa upande, kiduara kinapondeka, na hapo ndipo utanunua kadi kweli. Kadi nyingine zimechorwa pembetatu nyeusi na nyeupe ili ujue waya upi unaenda wapi.

Nikawasha, nikaenda kitandani, vijiti vinne. Tangu siku hiyo mtu akiniambia "weka Windows upya" kabla hajagusa chochote, namshukuru na kuondoka. Nani anafuata?

Fundi wa Kondele, Kisumu

Yangu ilinikuta nikiwa fundi tayari, kwa hivyo aibu yake ni mara mbili.

Mteja alileta mashine ambayo kadi yake ilikuwa imekufa kweli. Niliwasha Ubuntu, mfumo wa Linux unaotumika badala ya Windows, kutoka kwenye flashi, nikaandika `lspci`, amri ya kuorodhesha vifaa vya ndani, ikaorodhesha kila kitu isipokuwa kadi. Nikachomoa kadi inayofanya kazi kutoka kwa mashine nyingine iliyovunjika kioo, nikaipachika. Kuwasha tu, skrini nyeusi, maandishi meupe: kuna kadi isiyoruhusiwa, itoe. Haisongi mbele hata hatua. Nikajua nimeua mashine ya watu, na mwenyewe amekaa pale kwenye benchi anakunywa soda.

Kumbe kuna kampuni zilizokuwa zikiweka ndani ya BIOS, programu ya kwanza kuamka mashine ikiwashwa, orodha ya kadi zinazokubaliwa, na isiyo kwenye orodha inafukuzwa mlangoni. Mashine za kampuni moja huandika namba 1802, za nyingine 104. Hata kadi ya Intel ya aina ile ile yaweza kukataliwa, kwa sababu inayosomwa ni namba ya utambulisho, na kadi iliyotengenezewa kampuni nyingine ina namba yake. Siku hizi nalinganisha kibandiko cha kadi ya zamani na cha ile ninayouziwa. Nikikosa inayolingana, namwambia mteja achukue kidude cha USB. Hicho BIOS haikiulizi maswali.

Halafu kabla hujanunua chochote: zima, chomoa chaja, toa betri, shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, rudisha kila kitu. Kadi kadhaa "zilizokufa" zimefufukia mezani pangu hivyo. Mteja mmoja alikataa kunilipa, eti sijafanya kazi yoyote.

Mtu wa Milimani, Nakuru

Mimi wiki mbili. Ilikuwa swichi ndogo ya kuzima waifai ubavuni mwa laptopu. Sitaki maswali.

Fundi wa Kondele, Kisumu

Hahaha, pole mzee. Mwenye Linux aandike `rfkill list`. Mstari wa Soft blocked (waifai imezimwa kwa programu) ukisema yes, `rfkill unblock wifi` inamaliza. Ukiwa ni wa Hard blocked (imezimwa kwa swichi), usihangaike na amri, tafuta swichi kwa kidole.

Mwalimu wa Chwele, Bungoma

Nimecheka peke yangu kwenye stafurumu.

Kompyuta yetu ya mezani pale shuleni haikuzaliwa na waifai, basi nikanunua kidude cha USB, kidogo kama ukucha. Nikakichomeka. Kompyuta ikaniambia imepata CD. CD! Nikatoa, nikachomeka tundu jingine, CD tena. Nikapanda boda hadi mjini, nikagombana na muuzaji mbele ya wateja wake, nikamwambia ameniuzia flashi mbovu. Yule kijana hakunijibu. Alichomeka kwenye laptopu yake, akafungua hiyo "CD", akabonyeza faili lililokuwa ndani, akasubiri kama dakika moja. Mitandao ikajipanga. Kumbe draiva imehifadhiwa ndani ya kidude chenyewe, na kikichomekwa mara ya kwanza hujifanya CD ili uisakinishe. Nilimwomba radhi na nikanunua kipanya ambacho sikukihitaji.

Nilipohamia Ubuntu kikajifanya CD tena, na huko lile faili la Windows halisaidii. `lsusb`, amri ya kuorodhesha vya USB, ilikuwa inaonyesha 0bda:1a2b, namba yake kikiwa bado kinajifanya CD. Nikaibofya ile CD kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikachagua kuitoa, kikageuka kuwa kadi ya waifai papo hapo. Ipo programu inayoitwa usb_modeswitch ya kufanya hivyo bila mkono wako.

Moja la nyongeza. Kama kidude chako ni cha 2.4 GHz, moja ya masafa ya waifai, usikibane nyuma ya kompyuta karibu na tundu la buluu la USB 3.0 lenye diski inayofanya kazi. Matundu hayo hutoa kelele kwenye masafa yale yale. Mimi nilikiunga kwa kiwaya kirefu, nikakibandika juu ya kabati.

Kijana wa Section 58, Nakuru

Mwalimu, hicho kipanya bado unacho?

Mwalimu wa Chwele, Bungoma

Wanafunzi wamekila.

Mkulima wa Njoro

Fupi tu. Niliweka Ubuntu kwenye laptopu ya marehemu kaka, kadi ni ya kampuni ya Broadcom, waifai hakuna. Dawa yake ni kushusha draiva yake, `bcmwl-kernel-source`, kutoka intaneti, na intaneti ndiyo ninayoitafuta. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Binti yangu wa Kidato cha Pili akachomeka simu yake kwa waya wa USB, akawasha kile kipengele cha kugawa intaneti kwa waya, kompyuta ikaiona kama waya wa kawaida wa mtandao. Nikashusha, nikawasha upya, kazi kwisha. Bando lilikuwa lake, alinidai hadi mwisho wa mwezi.

Mama Saiba, Nyalenda

Mimi nina kompyuta sita, na yangu ilikuja siku mbaya kuliko zote: tarehe 30 Juni, foleni ya watu wa kujaza ritani za KRA imetoka nje hadi kwa muuza mahindi. Stima ilikuwa imepotea usiku. Asubuhi mashine moja inashika waifai vizuri, alama imejaa, lakini kila tovuti inasema si salama. Mpwa wangu akasema kadi imeungua na stima. Nikatuma mtu akanunue nyingine, tukaibadilisha wateja wakitutazama. Yale yale.

Mzee mmoja kwenye foleni, mstaafu, akanigusa bega: "Mama, hii mashine yako inadhani tuko mwaka 2009." Nikaangalia pembeni ya skrini, kweli. Betri ile ya duara ya ndani, CR2032, ilikuwa imekwisha, kwa hivyo stima ikipotea saa inarudi nyuma. Tovuti hizi huwa na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta ikiamini ni mwaka 2009, kila cheti inakiona cha uongo. Nilirekebisha tarehe kwa mkono, zikafunguka. Yule mzee nilimhudumia bure, na wengine wakaanza kuniambia nao ni wastaafu.

Kadi ya zamani bado iko kwenye droo. Nzima.

Binti wa Shinyalu, Kakamega

Shikamooni. Mimi tatizo langu bado liko hai, naomba msaada. Laptopu inaona waifai za majirani wote, ila ya kwetu haionekani kabisa. Simu zote za nyumbani zinaiona. Ilianza wiki iliyopita. Ndiyo naandaa ripoti ya atachimenti na siku zimebaki chache.

Fundi wa Kondele, Kisumu

Marahaba binti. Kama inaona za majirani, kadi ni nzima, usinunue kitu. Fungua kidirisha cha amri, andika `netsh wlan show drivers`, tafuta mstari wa aina za redio, utuletee ulivyo. Na wiki iliyopita nani aligusa ruta?

Binti wa Shinyalu, Kakamega

Imeandika 802.11b 802.11g 802.11n, basi. Aliyegusa ruta ni shemeji, mume wa dada. Alikuja mazishi akasema mtandao wetu ni wa kizamani.

Fundi wa Kondele, Kisumu

Basi ni yeye. Kadi yako haina ac wala ax, aina mpya zaidi za waifai, na nyingi za namna hiyo ni za 2.4 GHz peke yake. Nadhani shemeji amezima 2.4 akaacha 5 GHz, yale masafa mengine, ambayo simu zenu zinaisoma na laptopu haiisomi. Ingia kwenye ruta, washa 2.4. Ukiikuta imewashwa, tazama chaneli, yaani njia ndani ya masafa hayo: ikiwa 12 au 13, weka 1, 6 au 11, maana laptopu zilizotengenezewa soko la Marekani hazioni hizo mbili za juu.

Mama Saiba, Nyalenda

Na ukiwa huko ndani piga picha mipangilio kabla hujabadilisha, mwanangu.

Binti wa Shinyalu, Kakamega

Imeonekana!! 2.4 ilikuwa imezimwa. Asanteni sana, Fundi na Mama. Nimempigia shemeji kumwambia, akasema anakuja Jumamosi kuangalia vizuri. Nenosiri la ruta nimeshalibadilisha.