Fimbo "yenye kazi kumi na tano" imenivunjikia Mlima Meru, na muuzaji anasema kosa ni langu kwa kuiegemea

Ndugu wanajamvi,

Ninaandika nikiwa na hasira, na sitaificha. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nateremka Mlima Meru, kati ya kibanda cha Saddle na kile cha Miriakamba, mahali ambapo njia imewekewa ngazi za magogo na mvua imekula udongo kati ya ngazi na ngazi, ndipo fimbo niliyoinunua kwa shilingi 185,000 ilipokatika katikati. Sikuwa nimeipigia jiwe wala kuibana kwenye ufa wa mwamba. Niliitanguliza ngazi moja chini, nikaiegemea kama anavyoiegemea mtu yeyote anayeshuka mlima, nikasikia mlio mkavu, na nilipopata fahamu ya kilichotokea nilikuwa nimeketi topeni, goti la kulia limejikunja chini yangu.

Fimbo yenyewe ni ya alumini, yenye vipande vitano vinavyofungwa kwa skrubu kimoja juu ya kingine. Ndani ya mabomba hayo kuna kisu, msumeno mdogo, kijiti cha kuwashia moto, ndoano na mshipi wa kuvulia samaki, na juu ya mshikio kuna dira na filimbi. Boksi lake lina picha ya mtu anayevuka mto wenye mkondo mkali huku fimbo imesimama mbele yake na mwili wake wote umeilalia. Niliinunua katika duka moja la vifaa vya safari hapa Arusha, ambalo silitaji jina kwa sasa, baada ya kumweleza muuzaji kwa maneno yaliyo wazi kwamba nina kilo 86, kwamba goti langu si zima, na kwamba nataka kitu cha kunishikilia wakati wa kushuka. Alinijibu kuwa hiyo ndiyo fimbo imara kuliko zote alizonazo.

Niliporudi dukani nikichechemea, na vipande vyote mkononi, kijana yule yule alinitazama akaniambia: "Mzee, hii fimbo siyo ya kuegemea, ni ya kubalansi tu." Halafu akanionyesha maandishi yaliyo chini ya risiti, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nimeyatafakari maneno yake siku nyingi na kila nikiyarudia damu inanichemka. Fimbo isiyo ya kuegemea ni kitu gani? Tangu lini mkongojo ukawa pambo? Wazee wetu walipoteremsha mifugo na mizigo kwenye miteremko hii hii ya Meru, waliitaka fimbo kwa jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni kuubeba mwili pale mguu unaposaliti.

Kwa kuwa niliambiwa kosa ni langu, nilivipeleka vipande kwa fundi mkereza vyuma huko mtaa wa Unga Limited, hapa Arusha, ili nipate maelezo ya mtu anayejua chuma. Alipima ukuta wa bomba akakuta unene wa milimita 1.5. Kisha akaninyooshea kidole mahali palipokatika, akasema nitazame vizuri: ili kupata meno ya skrubu, kiwanda kimeukwangua ukuta huo huo mwembamba, kwa hiyo penye meno alumini iliyobaki haifiki hata milimita moja. Fimbo ilikuwa imekatika kwenye jino la kwanza, kwa mkato ulionyooka kama umepitishwa kisu, na nusu ya duara la mkato huo ilikuwa imekwisha kuwa nyeusi huku nusu nyingine iking'aa. Akanieleza kwamba ile nyeusi ni ufa wa zamani, ulioanza siku za kupanda na kujazwa uchafu kidogo kidogo, na ile inayong'aa ndiyo iliyokuwa imebaki kunibeba.

Naomba wenzangu mlishike jambo hili, kwa sababu ndilo linalonikera kuliko fedha zilizopotea. Mtu anapoielemea fimbo iliyoinama, mkunjo mkubwa zaidi huangukia maeneo ya katikati, si nchani wala kwenye mshikio. Hapo katikati ndipo watengenezaji walipoweka kiungo, kwa sababu walitaka nafasi ya kufichia vifaa. Kila shimo lililotobolewa ili kuongeza "kazi" moja kwenye boksi limepunguza nguvu ya ile kazi ambayo mnunuzi anaitegemea kwa uhai wake. Fimbo za kawaida za kupandia mlima za alumini pia zina viungo na pia ni mabomba, lakini vipande vyake huingia kimoja ndani ya kingine na kubanwa kwa kibano cha nje, kwa hiyo penye kiungo kuna kuta mbili badala ya nusu ukuta. Tena kila moja ina uzito wa gramu 250 hivi, wakati hii yangu, niliyoipima sokoni kwenye mizani, ina kilo 1 na gramu 100. Zile za kaboni ni nyepesi zaidi, ingawa mtu mzito ajue kwamba kaboni haipindi kwanza, huvunjika ghafla.

Hizo kazi nyingine nazo nizieleze, maana nililipia. Asubuhi tulipokuwa kibanda cha Saddle, mita 3,570 juu ya usawa wa bahari, anga lilikuwa safi na Kilimanjaro ilionekana yote, jua likichomoza karibu na bega lake. Niliitazama dira ya fimbo, ikanionyesha kwamba kaskazini ni kule kule Kilimanjaro iliko. Kila mtoto aliyekulia Arusha anajua kwamba Kilimanjaro iko mashariki mwetu. Nilipokitoa kisu kwenye mshikio na kukiweka mbali, sindano ilijivuta taratibu ikageuka karibu robo ya duara. Dira imewekwa sentimita chache juu ya kipande cha chuma cha pua! Mtu aliyepotea kwenye ukungu wa msitu wa Meru akaifuata dira hiyo, atatembea siku nzima akienda mbali na watu wanaomtafuta.

Msumeno na kijiti cha moto sikuvitumia, na wala sikuruhusiwa kuvitumia, kwani kukata miti ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha ni kosa, na moto hauwashwi mtu apendapo. Muuzaji aliyeko Arusha, ambaye wateja wake wengi wanakwenda Meru na Kilimanjaro, analijua hilo. Filimbi ilifanya kazi. Nilipoanguka nilipuliza, na waliokuwa wametangulia wakasimama.

Aliyeniokoa ni mpagazi mmoja wa makamo, aliyerudi juu na mzigo wake kichwani. Aliutua, akalifunga goti langu kwa leso, akitumia vipande viwili vya fimbo ile kama gango, kisha akanipa fimbo yake mwenyewe akisema, "Shika hii, mzee, wewe lalia tu." Ilikuwa fimbo ya mkole, nzima kutoka juu hadi chini, imefika usawa wa kwapa langu, na nchani imevishwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa kwa waya ili isiteleze juu ya jiwe. Niliilalia kweli kweli kwa saa tatu na zaidi hadi Miriakamba, mahali palipo chini ya Saddle kwa zaidi ya mita 1,000, na haikulia hata mara moja.

Jioni ile alinieleza anavyoichagua, nami nayaandika kwa sababu hakuna duka lililowahi kuniambia. Anaikata shambani kwake, nje ya hifadhi, na kuikausha kivulini, kwa kuwa mti uliokaushwa juani hupasuka kwa ndani bila kuonekana. Anaitaka iwe ndefu hadi kwapani, ili wakati wa kupanda mkono ushike chini na wakati wa kushuka upande juu bila kurekebisha chochote. Yangu, ili niifupishe, ilinilazimu kufungua kipande kizima, na hapo ikawa fupi mno. Kisha anailaza juu ya mabenchi mawili, anaikandamiza katikati kwa viganja na nusu ya uzito wake, huku ameinamisha sikio. Ikilia, anaiacha. Jaribio hilo linachukua nusu dakika na linaweza kufanyika katika duka lolote, nami nawasihi mlifanye mbele ya muuzaji kabla ya kutoa fedha. Akikataa, ondokeni.

Fimbo ya namna hiyo ina kazi nyingi bila kuwa na kitu ndani yake. Unapima kina cha maji kabla ya kuingiza mguu, unapiga majani marefu mbele yako ili moma aliyelala njiani ajulikane mapema, unasimamishia turubai mvua ikinyesha, na zikipatikana mbili pamoja na makoti mawili yaliyofungwa vifungo, mtu aliyeumia anabebwa. Zote hizo zinataka fimbo iliyo nzima.

Kuhusu maandishi ya risiti, napenda wenye maduka waelewe kwamba hayafuti sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia na kuutegemea ujuzi wake, muuzaji anawajibika kutoa bidhaa inayofaa kwa matumizi hayo. Mimi nilieleza uzito wangu, nilieleza goti langu, nilitaja mlima. Nimewaandikia barua nikidai fedha zangu, gharama za hospitali, na kuondolewa kwa yale maboksi yenye picha ya mtu anayevuka mto, hadi watakapoweza kuandika juu yake fimbo inabeba kilo ngapi. Wameipokea na kugonga muhuri, na nimewapa siku 14; baada ya hapo nitaipeleka Tume ya Ushindani, ambayo hushughulikia pia malalamiko ya walaji.

Wengine mlionunua fimbo ya aina hii, naomba mfungue kiungo cha katikati leo, mfute mafuta, na mlitazame jino la kwanza kwenye mwanga. Mkiona mstari mweusi, msiende nayo mlimani, na tafadhali wekeni picha hapa pamoja na risiti. Vipande vyangu vyote vitano viko kwangu, na fundi yuko tayari kuandika alichokiona.