Tupeane uzoefu: kwenye mlinganyo wa x, watoto wanakwama hatua ipi?

Chaki Nyeupe (Njiro): Mitihani imekaribia, tuisheni zimejaa. Naanza na mabano yenye alama ya kutoa mbele: 4x − 2(x − 3) = 14. Wengi wanaandika 4x − 2x − 6 = 14, wanapata 10. Ile −2 inazidisha kila kilichomo ndani, na hasi kwa hasi ni chanya: 4x − 2x + 6 = 14, 2x = 8, x = 4. Rudisha ile 10 kwenye swali: 40 − 14 = 26. Mtoto angerudisha angejishtukia mwenyewe.

Mangi wa Kibosho: Kweli tupu.

Mama Hesabu (Moshi): Mabano cha mtoto. Njooni kwenye sehemu: x/3 + 2 = x/2 − 1. KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 3 na 2 ni 6. Anazidisha zile sehemu tu, 2 na 1 anaziruka: 2x + 2 = 3x − 1, anakuja na 3. Sita inaingia kila mahali, hata pasipo na asili (namba ya chini ya sehemu): 2x + 12 = 3x − 6, x = 18.

Debe Tupu: Mnazunguka. Namba ikivuka daraja, yaani alama ya usawa, inageuza alama yake, basi.

Chaki Nyeupe: Mkuu, daraja hilo ndilo linalowazamisha. Wanafika 3x = 12, wanavusha 3 inakuwa −3, jibu 9. Fikiria mizani: ukigusa huku, gusa na huku. Tatu inazidisha x, kwa hiyo gawanya pande zote kwa 3, x = 4.

Debe Tupu: Mizani ya sokoni unaiamini? 😂 Kwenye kujumlisha na kutoa daraja langu halina kosa.

Mangi wa Kibosho: Wanyang'anyeni vifutio, kosa lionekane.

Mama Hesabu: Aa, karatasi chafu nani atasahihisha? Alama za usawa zipangane wima tu, inatosha.

Mwl. wa Jioni (Sakina): Acheni hayo, kuna maswali ya umri. Baba ana umri mara tatu ya mwanawe. Baada ya miaka 10 atakuwa mara mbili yake. Mtoto x, baba 3x. Wanaandika 3x + 10 = 2x + 10. x = 0! Mtoto kazaliwa leo, na baba yake naye kazaliwa leo! Ile mbili inazidisha umri mpya wote, si x peke yake: 3x + 10 = 2(x + 10). Mtoto 10, baba 30.

Mangi wa Kibosho: Pacha na baba yake 😂😂

Debe Tupu: Leba moja!

Mama Hesabu: Nimecheka, ila msiwaaminishe kwamba 0 ni kosa siku zote. 5x = 2x jibu lake ni 0 halali. Anayegawanya kwa x anabaki na 5 = 2, anasema swali limekosewa. Atoe 2x pande zote.

Debe Tupu: Na 2x + 3 = 2x + 7?

Chaki Nyeupe: Ukitoa 2x inabaki 3 = 7, uongo, hakuna namba inayofaa. Ingebaki 3 = 3, namba yoyote ingefaa. Hapo daraja lako linavusha nini, mkuu?