Goliboli darasa la 3, mpira wa kengele hatuna

Mwl_Zamu: Walimu wenzangu, nina wawili wasioona na mmoja mwenye uoni hafifu. Nataka darasa zima licheze goliboli, ule mchezo wa wasioona wa kubiringisha mpira wenye kengele ndani kuelekea goli la wapinzani, wanaoudaka kwa kuusikiliza. Mpira utasikikaje?

Kipenga: Uzungushie mpira wa kawaida nailoni ya kufungia magodoro, ufunge kwa uzi. Huchakarika vizuri, ila ukisimama unanyamaza. Basi ubiringishwe, na ukikwama refa aupige kofi.

MamaUwanja: Mistari je? Laza kamba nyembamba sakafuni, bandika tepu juu, waipapase. Uwanja rasmi ni mita 18 kwa 9. Wadogo 12 kwa 6 yatosha. Watatu kila upande.

Kipenga: Na vitambaa machoni kwa wote! Mwenye uoni hafifu akiachwa, atadaka kila mpira. Watazamaji kimya mpaka goli, hapo ndipo pagumu.