Wakuu nani kaitumia bavchi ya Wahindi kwa mabaka meupe ya ngozi?

msomi_pune: Habari za wakati huu wakuu. Nipo India, Pune, nasoma, mwaka jana nilianza kutoka mabaka meupe mikononi na pembeni ya mdomo, hospitali wakasema vitiligo, hayawashi hayaumi ila raha sina, kila nikipita naangaliwa. Mama mwenye nyumba kaniletea mbegu ndogo nyeusi zinaitwa bavchi na mafuta yake, anasema kwenye Ayurveda, tiba ya asili ya Wahindi, ndo dawa yenyewe, unga nimeze asubuhi, mafuta nipake nikae juani. Unga nishaanza, mafuta bado, naogopa uso. Naombeni ushauri jamani

mtoto_wa_pangani: Pole ndugu yangu. Jaribu mwarobaini, unaoga majani yake, huo hata Wahindi wanauheshimu

mfamasia_tz: @mtoto_wa_pangani mwarobaini ni wa vipele, rangi haurudishi. Mleta uzi pole sana, hiyo ni bakuchi, Psoralea corylifolia, na mama hajakudanganya, ina psoraleni ambayo ikikutana na jua inaichokoza ngozi itengeneze rangi. Hospitali nazo zina tiba ya hivyo tangu miaka ya 1970, PUVA, ila wao wanapima dozi na wanapima mwanga, wewe hiyo chupa hujui ina nguvu kiasi gani na jua la mchana hulipimi, utatoka malengelenge. Ubaya hauungui hapohapo, inakuja kesho au keshokutwa, mtu anadhani haijafanya kazi anaongeza. Umeshaona mtu kakamua ndimu akashinda juani mkono ukababuka ukabaki mweusi? Kemikali ni za ukoo mmoja.
Kumeza ACHA leo. Kuna watu wameripotiwa kuumia ini kwa hizo mbegu. Hata waganga wa Ayurveda hawazitoi mbichi, wanaziloweka kwanza kwenye mkojo wa ng'ombe au maji ya tangawizi kupunguza ukali

bintisahare: Mbona mi napaka seramu ya bakuchi usoni na niko poa kabisa

mfamasia_tz: Hiyo dada ni bakuchiol, imetolewa peke yake kwenye mmea, watu wanaipaka kwa mikunjo na chunusi. Kwa vitiligo usiitegemee

msomi_pune: Asante sana mkuu, unga naacha. Sasa nifanyeje? ini nipime?

mfamasia_tz: Pima, na ukiona macho ya njano au mkojo rangi ya chai ya rangi usisubiri miadi, nenda. Kwa mabaka muone daktari wa ngozi hapohapo Pune, muulize tiba ya mwanga wa UVB, na kwa pembeni ya mdomo krimu ya takrolimusi. Mwombe na kipimo cha tezi ya shingo (thyroid), shida zake huwa zinaandamana na vitiligo. Ukirudi nyumbani kuna kituo cha magonjwa ya ngozi pale KCMC Moshi. Mabaka yapake sanskrini, hayana kinga na jua

mtoto_wa_pangani: Na mama mwenye nyumba mshukuru vizuri, katoa kwa moyo