Crop Over ya Barbados: irudi mwezi wa mavuno au ibaki Agosti?

Mwanzisha mada

Wakuu, kuna swali ambalo halijaisha: Crop Over, sherehe ya kumaliza mavuno ya miwa kisiwani Barbados, bado ni sikukuu ya mavuno, au ni karnivali iliyobaki na jina la mavuno tu? Kilele chake, gwaride la mavazi liitwalo Grand Kadooment, ni Jumatatu ya kwanza ya Agosti. Miwa ya Barbados hukatwa wakati wa kiangazi, kuanzia Februari hivi hadi Mei au Juni. Vikundi vinapoteremka barabara ya Spring Garden na manyoya na shanga, mashamba yameshachipua upya. Msimamo wangu: sherehe ya kupokea miwa ya mwisho ifanyike pale lori la mwisho linapoingia kiwanda cha sukari cha Portvale. Karnivali ibaki Agosti.

Bua Kavu

Naunga mkono. Muwa ukishakatwa hausubiri mtu. Sukari yake huanza kuvunjika, ndiyo maana hutakiwa ufike kwenye mashine ndani ya saa 24, ukichelewa sana 48. Ukitaka mzigo wa kuonyesha Agosti una njia mbili, zote mbovu: uache kipande cha shamba kisikatwe hadi mvua zianze, au ukate machipukizi machanga, maji mengi, sukari kidogo. Mkata miwa yeyote akilishika bua hilo anajua ni pambo.

Halafu kuna Bwana Harding, yule mtu wa majani makavu ya miwa anayechomwa moto mwisho wa mavuno: suruali kuukuu, koti, kofia ndefu. Ukimshindilia majani yaliyonyeshewa, hawaki. Anafuka moshi mzito, nguo zinaungua, tumbo linabaki zima. Majani ya Mei yaliyokaukia shambani hushika moto mara moja. Ikibidi kuyatunza hadi Agosti, yafungwe mafungu madogo yaning'inizwe chini ya paa penye upepo, kwa kuwa lundo la sakafuni huvunda katikati. Nguo ziwe za pamba. Nailoni huyeyuka na kudondosha matone ya moto kwa waliosimama karibu.

Nyapara Hayupo

Ndugu Bua Kavu, majani umeyaeleza vizuri, ila mwenye sherehe umemsahau. Ngoma hii ilianza miaka ya 1680 kwenye mashamba ya watumwa. Mwenye shamba alitoa chakula na kinywaji, waliokata miwa yake wakacheza uani kwake. Hata baada ya utumwa kufutwa, mwisho wa mavuno ulikuwa mwisho wa kibarua. Bwana Harding ndiyo hiyo miezi ya njaa hadi msimu mwingine, na wapo waliomwona nyapara ndani yake. Tarehe iliyopangwa na tajiri wa shamba inatudai heshima gani?

Agosti ina haki yake. Tarehe 1 Agosti 1834 utumwa ulifutwa katika makoloni ya Uingereza, ingawa kile kilichoitwa uanagenzi kiliwafunga watu hadi 1838. Tena tusijidanganye kwamba tunalinda mnyororo usiokatika. Sherehe ilififia kufikia miaka ya 1940 sukari ilipodorora, ikafufuliwa 1974 na bodi ya utalii, iliyotaka wageni katika miezi ambayo hoteli hazina watu.

Filimbi na Ngoma

Mnabishania kalenda huku mlio wenyewe unapotea. Bendi ya tuk, muziki wa jadi wa Barbados, ina filimbi ndogo, ngoma ndogo ya kukereza, ngoma ya besi na pembetatu ya chuma. Hupiga kwa hatua tatu: taratibu kama valsi, kisha machi, kisha mwendo wa kasi wa Kiafrika ambao wachezaji huungoja. Iweke hatua chache kutoka lori lenye spika, filimbi haisikiki tena na mpigaji wa besi anafuata lori bila kujua. Ngozi nayo hulegea kwenye unyevu wa Agosti. Bila kuianika juani au kuipasha kwenye moto kabla ya kutoka, inatoa mlio wa gunia. Dawa ni kuwapa tuk kipande chao cha njia, mbele kabisa, lori la kwanza likae mbali.

Shaggy Bear, yule mchezaji aliyevikwa majani mwili mzima, vilevile. Vazi lake la majani makavu ya mgomba lifungwe kama unavyoezeka makuti, kuanzia vifundoni kwenda juu, kila safu iifunike ya chini. Ukianzia mabegani mapengo yanaonekana akizunguka. Na asisogezwe karibu na Bwana Harding anayewaka!

Mwanzisha mada

Nyapara Hayupo, hoja ya Agosti naikubali, ndiyo maana sikuigusa karnivali. Lakini wale wanaotawazwa Mfalme na Malkia wa Mavuno ni wakataji wenyewe, waliokata kuliko wenzao. Wape taji siku panga lingali mkononi.

Nyapara Hayupo

Shida ni kwamba lori la mwisho halina tarehe. Mashine ya kiwanda ikiharibika au mvua ikiwahi, msimu unasogea. Huwezi kukodi jukwaa kwa siku usiyoijua.

Bua Kavu

Tangazeni wiki, si siku. Sherehe hii haihitaji jukwaa: uwanja wa kiwanda, mkokoteni uliopambwa, bendi moja ya tuk.

Nyapara Hayupo

Wiki, sawa. Kwa masharti mawili: wakataji wapakuliwe chakula kwanza, na atakayemwashia moto Bwana Harding awe mkata miwa, si waziri.