Tupeane uzoefu: kazi gani ya mkono wako mwaka huu ulishindwa kuiuza?

fundi_wa_mbagala
Wapendwa habari za siku. Mwaka ndo huo unaishia, leo nimefunga cherehani mapema nikakaa kukumbuka nilivyoshona tangu Januari, magauni sijui mangapi, sare za kwaya, mapazia, yote yameshaenda kwa wenyewe. Ndani kimebaki kitu kimoja tu na nilikataa kukiuza.

Ni blanketi la vipande vya vitenge. Zamani mabaki nlikua natupa, mwaka huu nikaanza kuwaomba wateja, kila nikimshonea mtu namwomba kipande kimoja cha mraba nakiweka kwenye ndoo. Mwezi wa 10 nikahesabu nikakuta 168, nikavipanga 12 kwa 14. Yaani nikilitandaza kitandani naona mwaka wangu wote pale, hiki cha bibi harusi wa mwezi wa 4, hiki sare ya arobaini ya jirani, hiki cha kijani ni cha dada mmoja alijifungua kabla sijamaliza gauni lake la ujauzito nikalipunguza kiuno akavaa kwenye ubatizo. Mteja mmoja alinipa ofa ya laki na nusu, nikamwambia dada yangu ntakushonea jingine, hili siwezi, akanielewa.

Kwa atakayejaribu, fueni vitenge kabla ya kukata, kila kimoja peke yake mpaka maji yatoke meupe. Kuna chekundu sikukifua vya kutosha kikachuja kikaharibu vinne vya pembeni nikafumua safu nzima, siku mbili zimeenda.

Haya na nyie, si lazima iwe ya kushona. Ilikua kazi gani, uliifanyaje, na kwanini haikutoka ndani?

sindano_ya_wete
Mie kofia. Nashona tokea mdogo na zote huenda kwa mtu wa duka, bei hupanga yeye, nami huwa sina la kusema maana pesa nataka. Hii niliianza Mfunguo Mosi, mwezi ule baada ya Ramadhani, nikaimaliza Mfunguo Tano, na ni usiku tu watoto wakishalala. Watu wakiiona kichwani hawajui kua kila kitundu kile unakitoboa kimoja kimoja alafu unakizungushia uzi kwa sindano, ukikaza sana kitambaa kinakunjana, ukilegeza basi ikifuliwa mara mbili tatu tundu zinapanuka. Nikaifua, nikaitia wanga, nikaivika kwenye faruma, kile kibao cha kuipa kofia umbo, ikaukie hapo hapo. Ilipotoka nikaitazama nikasema hii haendi nayo mtu. Mwanangu mkubwa kaivaa kwenye Maulidi, na mwenye duka mwenyewe kamuuliza hiyo kofia kashona nani.

batiki_za_iringa
Hongera sana mama wa Wete, hilo la mwisho nimelisoma mara mbili.

Mimi ni batiki, na niliyoipenda ni ile iliyokwenda tofauti na nilivyopanga. Mwezi wa 7 asubuhi huku Iringa baridi yake mnaijua, nta ya nyuki ilikua imeniishia nikayeyusha mishumaa ya kawaida, nikachora majani ya mgomba, nikaenda kunywa chai. Narudi, nta imekua ngumu kama kioo, nilipoikunja kitambaa ili kiingie kwenye beseni ikapasuka kila mahali. Nikasema basi, nikachovya tu kwenye rangi ya bluu ya giza, kostiki na haidrosalfaiti, dawa za kuifanya rangi ishike, nshachanganya siwezi kumwaga. Nilivyochemsha kutoa nta, jamani, rangi ilipopenya kwenye nyufa za nta, mistari myembamba imetambaa kwenye majani kama mishipa kabisa, jani linaonekana hai. Nta ya nyuki inapinda haipasuki namna ile, kwahiyo sasa naichanganya na mishumaa makusudi na asubuhi za baridi ndo naziwahi. Ila ile ya kwanza ipo ukutani sebuleni.

mkaazi_muscat
Dada wa Wete umenigusa. Huku Oman kofia za namna hiyo wanaita kumma, wanaume wanavaa kila siku ila nyingi sokoni ni za mashine. Mwaka huu mama mkwe amenifundisha ya mkono, nimemaliza duara la juu tu, bado mzunguko wa chini, na nimeshaliweka kabatini kwenye karatasi laini.

rangi_na_ubao
Mimi nachora Tingatinga, mwaka wa 9 huu. Wateja wanataka turubai kubwa limejaa wanyama wote na mlima Kilimanjaro nyuma, na ndo zinazonilipia kodi siwezi kuzisema vibaya. Ila mwezi wa 5 nilitamani kuchora kama alivyoanza mwenyewe mzee Edward Saidi Tingatinga pale Oysterbay mwaka 1968, ubao wa masonaiti (wa mbao zilizosagwa zikakandamizwa), rangi za baiskeli, mnyama mmoja basi. Nikachora kanga mmoja, yule ndege, nyuma njano tupu. Nlidhani itakua rahisi, kumbe mnyama akiwa peke yake hakuna pa kuficha kosa, shingo tu nimeifuta mara tatu, alafu rangi ya mafuta kila tabaka nasubiri ikauke ndo niweke madoa. Madoa yale nimeyaweka wiki nzima. Mtalii mmoja alisimama mbele yake muda mrefu akauliza bei, nikajikuta nasema hii ni ya nyumbani.

sindano_ya_wete
Hebu turudi kwa fundi, hilo blanketi umetia nini ndani mpaka likalala vizuri? Na kuna kipande chako mwenyewe humo?

fundi_wa_mbagala
Ndani ni shuka zito la zamani, chini kanga ya pamba, nimeshika kwa mkono kila kona ya mraba ili lisitembee. Kipande changu hakikuwepo, mwaka mzima sikujishonea kitu. Ulivyouliza nimeenda kufungua sanduku, kuna kitenge cha zambarau nilinunua mwezi wa 2 bado kina karatasi ya dukani. Nakiloweka usiku huu.